Ukuta wa Magharibi wa Uwanja wa Bondwa

Machi 5, Jumatano ya Majivu

Nimeficha kilichouangusha ukuta wa magharibi wa Uwanja wa Bondwa. Nimekificha tangu masika ya mwaka 1979. Nilikificha mbele ya tume ya uchunguzi, nikakificha kwenye maungamo, nikamficha dada yangu Esther mpaka akaingia kaburini. Ukuta ule ulimuua mwanawe Castory, winga wa kushoto wa timu yetu, siku ya mechi. Mimi ni mjomba wake. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake na mjomba ndiye mwenye neno juu yake. Kwa hiyo Castory alikuwa wangu kuliko hawa niliowazaa.

Leo padri amekuja kunipaka majivu kitandani. Aliniuliza kama nina jambo linalonisumbua. Nilimwonyesha miguu yangu ilivyovimba. Akaibariki, akaenda kwenye nyumba nyingine.

Ninaandika kwa sababu ya mjukuu wangu Janeth. Yeye na kijana mmoja aitwaye Hamza wamepewa kazi na wenye uwanja ya kutengeneza tamthilia ya mtandaoni ya kusherehekea historia yake. Si ya kukaa na kutazama tu, anasema. Mtu anavaa miwani mikubwa, au anageuza simu yake huku na huku, na anajiona amesimama uwanjani enzi zile, ngoma inalia upande huu, mvua inanyesha upande ule. Sehemu ya nne inaitwa "Ukuta". Anataka niisimulie mimi, maana nilikuwa katibu wa timu na wenzangu wote wamekwisha kufa.

Nilikataa. Akacheka, akaniwekea mto mgongoni. Simpendi mtu anayecheka akikataliwa.

Machi 8

Joto. Mlima umejifunika lakini haudondoshi kitu. Binti yangu Magdalena, mama yake Janeth, ndiye anayenitunza. Anatia chumvi kwenye mchicha, halafu ananikumbusha daktari alivyosema kuhusu chumvi na moyo wangu.

Machi 13

Wamekuja na mabegi ya vifaa, wamejaza sebule. Shikamoo ya Hamza ilitoka huku macho yakiwa kwenye simu. Akasema, "Babu, wewe ni lejendi wa mji huu." Nilimuuliza lejendi ni nani. Mtu anayejulikana, akasema. Anajulikana kwa nini? Akaenda kutafuta soketi ya umeme.

Janeth alinisomea walichoandika. Siku ile Castory alipanda juu ya ukuta kuwapungia mkono mashabiki waliokosa tiketi, na ukuta, uliojengwa na fundi Halidi kwa mchanga mwingi na saruji kiduchu, ukaporomoka naye. "Kama alivyothibitisha Mwalimu Kasiani mbele ya tume."

Mwalimu Kasiani ni mimi. Nilifundisha sayansi, na tume iliniamini kwa sababu hiyo. Niliwaambia nilimwona Halidi kwa macho yangu akichanganya mchanga karibu mtupu, na kwamba saruji ilikuwa ikitoka kwa mlango wa nyuma. Nilieleza hata rangi ya mchanganyiko ule. Halidi alifungwa. Alipotoka hakuna aliyempa hata choo cha kujenga. Akahamia Dumila, akachoma matofali kando ya barabara mpaka akafa.

Nilimwambia Janeth asome tena, polepole, nikitafuta kosa. Halikuwapo. Yote yalikuwa kama nilivyoyasema.

Machi 14

Mvua ya kwanza. Bati linavuja pale pale pa mwaka jana.

Machi 19

Mwanvita amekuja, binti wa Halidi. Nilimfundisha kabla baba yake hajafungwa. Sasa ni bibi, anauza ndizi na mboga za mlimani sokoni. Alisimama mlangoni na kanga imelowa, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, akampa Magdalena habari za nyumbani, akampokea Janeth shikamoo yake. Mimi alinitazama tu. Katika mji huu hata mwizi humwamkia mzee kabla ya kumwibia.

Magdalena aliona haya, akasema, "Mama Pili, baba huyo hapo."

"Nimemwona. Sikuja kumwamkia, nimekuja kwa binti yako."

Amesikia, alisema, kwamba baba yake atatiwa kwenye hiyo miwani, mwili mzima na sura. Janeth alimjibu kwa adabu, kama wanavyofundishwa siku hizi, kwamba historia ni lazima isimuliwe na kwamba hata yeye anakaribishwa kutoa upande wake.

"Upande wangu uko Dumila, umezikwa," Mwanvita alisema. "Nina wajukuu, na wana simu. Unataka wasimame mbele ya babu yao wamtazame akiiba saruji? Mimi nilizomewa shuleni mpaka nikaacha. Niliacha darasa la huyu baba. Sasa mnataka na wao wazomewe, tena kwa rangi?"

Kisha akanigeukia mimi, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akasema nilimfundisha kwamba maji hupita pale yalipofunguliwa njia. Akaniuliza kwenye ukuta wa baba yake nani aliyafungulia.

Nilimwambia Magdalena afunge mlango, mvua inaingia. Mwanvita akatoka kabla haujafungwa.

Machi 20

Siwezi tena kulala chali. Nalala nimekaa, kama abiria.

Machi 27

Leo wamenivisha miwani. Nilikubali kwa ujeuri, nikitaka kuwaambia kwamba ni upuuzi.

Si upuuzi. Nilisimama uwanjani. Niligeuza shingo na jukwaa la mabati lilikuwapo, na nyuma yake mlima na lile wingu lake la mchana. Nilisikia ngoma. Nilisikia mtu akiuza karanga za Gairo. Wametengeneza vizuri, washenzi hawa. Kisha nikageukia magharibi.

Halidi alikuwa pale na kolego la kuchanganyia saruji. Hawakuwa na picha yake, wamemtia sura ya mwigizaji mnene mwenye meno yote, anayecheka peke yake kama mwizi wa kwenye maigizo ya shule. Halidi alikuwa mwembamba na hakuwa na meno ya upande mmoja, na alipocheka alifunika mdomo. Halafu Castory akapanda. Akapunga mkono. Mchanga ukaanza kumiminika chini ya miguu yake, mweupe kama unga wa sembe, na ukuta ukavunjika kuanzia juu, ukanijia.

Niliivua miwani nikaitupa. Hamza aliidaka. Nilimtukana yeye na mama yake, Mungu anisamehe, na hakuwa amenikosea kitu. Kilichonitia hasira ni jinsi walivyoniamini. Kila punje ya mchanga ule ni yangu. Niliitoa kinywani mwangu nikiwa mwanamume mwenye nguvu, nimevaa tai, na sasa imerudi, ina rangi na sauti, na itaingia kwenye simu za watu ambao hawajazaliwa.

Nilisema, "Haukuanguka hivyo."

Janeth alipiga magoti mbele yangu. "Ulianguka vipi, Babu?"

Ulianza chini. Kwanza ulikaa, kama ng'ombe anavyokaa, magoti ya mbele kwanza, halafu ndio ukalala. Hilo sikumwambia. Niliomba dawa zangu.

Aprili 3

Mvua usiku na mchana. Magdalena anasema barabara ya Mkuyuni imekatika, ndizi hazishuki, na meza ya Mwanvita sokoni iko tupu. Ndipo nilipojua kwamba ndizi ninazokula nyumba hii miaka yote zinatoka kwa Mwanvita. Nilimwambia Magdalena anunue pengine. "Baba, nyamaza ule," akasema.

Aprili 9

Leo nimesema nusu.

Nilimwambia Janeth awashe kinasa sauti chake, na nikaanza na kamati ya ufundi. Kila mpenzi wa mpira nchini anajua kwamba kamati ile haikushughulika na ufundi wa mpira. Ilikuwa kamati ya waganga. Kazi yake ni kujua wapinzani wamemwaga nini na wapi, na kumwaga cha kwetu. Mwenyekiti alikuwa mimi, mwalimu wa sayansi na msomaji wa masomo kanisani. Jumapili nilisoma waraka wa Paulo, Jumatatu nilikuwa Mkuyuni kwa mganga.

Wiki ile ya mechi mganga alituambia geti kuu limekwisha kuharibiwa na wapinzani. Mchezaji wetu yeyote atakayelipita atakuwa na miguu ya maji. Kwa hiyo timu isipite getini. Ipande ukuta wa magharibi, na wa kwanza kupanda awe mtu wa mguu wa kushoto.

Castory hakupanda kumpungia mtu mkono. Alipanda kwa sababu kamati ilimwamuru, na mguu wa kushoto ulikuwa wake.

Hamza alipiga kofi paja lake. "Hapo umeua, Babu," akasema. Kwa vijana hayo ni maneno ya kusifu. Janeth alikuwa tayari anapanga jinsi mtazamaji atakavyopewa hiari ya kuchagua, geti au ukuta. Walikuwa na furaha kama watu waliookota madini. Nami nililala saa nyingi, mara ya kwanza tangu mvua ianze, nikidhani nimelipa.

Aprili 12

Sikulipa. Janeth, kwa kutaka mema, alimpelekea Mwanvita sauti yangu aisikilize. Mwanvita amekuja leo, mvua ya mawe, bila mwamvuli.

Alikaa bila kukaribishwa. Akasema, "Kwa hiyo ni wachezaji waliopanda. Vijana wembamba wa miaka ile ya njaa. Mwalimu, ukuta unaoangushwa na mtoto mmoja kuupanda ni ukuta wa namna gani? Jana watu walisema Halidi aliiba saruji. Kesho watasema aliiba, na hapa ndipo ilipothibitika. Umekuja kumsaidia baba yangu au umekuja kummalizia?"

Janeth alianza kusema kitu. Mwanvita alimnyamazisha kwa kiganja.

"Mama yangu alisema siku moja kabla ya mechi baba alikwenda kuutazama ule ukuta asubuhi, ukiwa mzima. Alirudi akala. Mtu aliyeiba saruji hali vile. Na wewe unajua."

Nilimwambia mimi ni mgonjwa. Akasema anaona, na kwamba hataniombea nipone wala nife, ataniombea nikae hapo hapo nilipo.

Alipoondoka Janeth alibaki amesimama dirishani. Hakuniwekea mto. "Babu, kuna kingine?" Nikamwambia kazi yake ni kuchezea simu, si kuhoji wazee. Alifungasha vifaa vyake.

Aprili 13

Janeth hajaja.

Aprili 14

Hajaja.

Aprili 18, Ijumaa Kuu

Maji yamepanda mpaka kifuani. Walinipeleka hospitali juzi, wakanitoboa, wakanirudisha. Daktari alizungumza na Magdalena kwenye korido, kwa sauti ya chini, na nikaelewa.

Padri amekuja. Alikaa karibu, akasubiri. Ningeweza kumwambia yote na angenifungulia, na yasingetoka chumbani humu. Huo ndio ubaya wake. Halidi angebaki vile vile, na kolego lake na meno yale ya kuazima. Nilimwambia padri arudi wiki ijayo. Aliniuliza kama nina hakika ya wiki ijayo. Ana ulimi, kumbe.

Kisha nikamtuma Magdalena amwambie Janeth kwamba nataka kwenda uwanjani, na kwamba amwite na Mwanvita. Magdalena aliuliza kuna nini. Nilimwambia atasikia na wengine.

Aprili 24

Walinipakia kwenye bajaji, nimefungwa shuka kama mzigo wa sokoni. Mvua ya rasharasha. Ukuta wa magharibi wa sasa ni wa matofali ya saruji, umepakwa rangi ya kijani, una tangazo la soda. Wamebandika kibao chenye jina la Castory. Tulisimama hapo: Janeth na maikrofoni, Hamza na kamera yake ya macho mengi, Magdalena ananishika. Mwanvita alisimama mbali kidogo, mikono ndani ya kanga. Hakuniamkia.

Nilisema hivi.

Mganga alinipa pia chungu kilichofungwa kitambaa cheusi. Kilitakiwa kizikwe chini ya ukuta, pale pale wachezaji watakapopanda, na kizikwe na mkubwa wa kamati kwa mkono wake. Wenzangu hawakutakiwa kujua kimezikwa wapi, ndiyo sharti lenyewe. Nilikwenda mchana wa siku moja kabla ya mechi, Halidi alipokwisha kuutazama ukuta wake na kurudi kwao. Ilinyesha mvua ambayo hakuna mtu aliyetoka nje. Nilichimba kwa jembe la bustani ya shule. Chungu kilikuwa kikubwa, na msingi wa Halidi ulikuwa imara, jembe lilikuwa likidunda. Ilinibidi nilete mtaimbo. Nilibandua mawe ya msingi moja moja na kuyatupa majanini, mpaka chungu kikaingia. Nilifukia kwa udongo wa matope na kuukanyaga. Usiku ule mvua iliingia kwenye shimo, ikafanya kazi yake. Kesho yake ukuta ulikaa, halafu ukalala.

Watu walipokuwa wanambeba Castory mimi nilikuwa naokota vigae vya chungu kwenye kifusi, nikavitia mifukoni mwa koti. Wiki ile ile nikaenda mbele ya tume nikasema mchanga.

Hakuna aliyepiga kofi paja. Mkono wa Magdalena, uliokuwa umenishika kwapani, uliondoka. Nilidhani ningeanguka. Nikaegemea ukuta.

Mwanvita alisogea. "Sema jina lake. Umesema msingi, umesema ukuta. Huyo aliyeujenga hana jina?"

"Halidi," nikasema.

"Alifanya nini?"

"Alijenga ukuta imara."

"Rudia, huyu kijana arekodi vizuri."

Nikarudia. Alimtazama Hamza mpaka Hamza akaitikia kwa kichwa kwamba imeingia. Kisha akajifunga kanga yake, akasema kwamba shikamoo yangu bado hana, na sidhani kama anatafuta ya kunipa. Akaondoka kwa mguu, kwenye mvua, kuelekea sokoni.

Aprili 27

Magdalena ananilisha akitazama mlangoni. Chumvi ameacha kutia kabisa.

Mei 2

Wenye uwanja wamesikia sauti ile. Wanataka sehemu ya nne iondolewe. Sherehe ni sherehe, wanasema. Badala yake watie sehemu ya bendi ya shaba iliyopiga siku ya ufunguzi. Janeth amewajibu kwamba wakiiondoa, anaondoa na kazi yake yote, ngoma, mlima, karanga na kila kitu, na wabaki na kibao chao. Hamza ameniambia haya. Siku hizi shikamoo yake inatoka akiniangalia, lakini lejendi hanitaji tena. Nimemkuta ni kijana wa maana. Miwani ile ni yake, na hakuwahi kunidai radhi.

Niliandika kwamba simpendi mtu anayecheka akikataliwa. Juzi Janeth alikataliwa na hakucheka.

Mei 6

Wamekubali. Sura ya yule mwigizaji imefutwa. Mwanvita amekaa na Hamza mchana kutwa akimwelekeza pua, masikio, na mkono unaofunika mdomo. Sikualikwa kuona. Mvua inapungua, asubuhi mlima unaonekana mpaka kileleni.

Mei 9

Janeth amekuja peke yake, bila begi. Alikaa kwenye kiti cha padri. Kuna jambo limemkwama katika kazi yake, akasema. Anataka kumweka mtazamaji mahali pa Castory chini ya ukuta, kabla hajapanda, na hajui amfanye aone nini.

"Babu, mchana ule wa mvua ulichimbaje peke yako, na ile mvua? Na Castory alijua kuna shimo?"

Hakukuwa na maikrofoni. Aliuliza kama mtoto wa ukoo anavyouliza. Nilimtazama mpaka akachoka kusubiri. Alipoinuka alinirekebishia mto, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, na hilo ndilo lililonishinda.

Pumzi haitoshi kwa maneno, mkono bado unaweza. Daftari hili nitamwachia yeye.

Sikuwa peke yangu. Castory alinishikia mwamvuli. Nilimchukua yeye kwa sababu mpwa hatoi siri ya mjomba. Alisimama juu yangu nilipokuwa nabandua mawe, akilowa yeye, na aliniambia nimechimba mno. Kesho yake, timu ikiwa imepanga mstari nyuma yake, aliweka kiganja chake kwenye ukuta kabla hajaweka mguu. Aligeuka akaniambia polepole, wengine wasisikie, "Mjomba, ukuta unacheza. Tupite getini."

Pale getini watu wa timu pinzani walikuwa wamesimama wanatutazama na kucheka.

Nilimwambia, "Panda."